Gurudumu la Pikipiki ya Wagonjwa: Kosa Ni la Barabara au Letu?

Wiki jana rimu ya nyuma ya pikipiki ya wagonjwa ilipasuka njiani, kabla ya kufika barabara kubwa. Mnajua wote nani alikuwa amelala kwenye kigari. Yule mama alimalizia safari kwa machela, vijana sita wakipokezana, na mtoto alizaliwa salama, Mungu ni mkubwa. Lakini tangu siku ile wimbo ni mmoja tu kambini: kigari cha pembeni hakifai kwa barabara zetu, kirudishwe kwa waliokileta, tupewe boda ya kawaida. Sisi wa gereji hatukubaliani. Na kwa kuwa kwenye kurasa hizi tumezoea kuandika historia, tunajibu kwa historia.

Tuanze na gurudumu lenyewe. Lile la mkokoteni, la mbao, linasimama juu ya miti yake: mti ulioko chini ndio unabeba mzigo. Mwaka 1808 Mwingereza mmoja, George Cayley, alikuwa anahangaika kubuni chombo cha kuruka na akataka magurudumu mepesi. Kwenye daftari lake akachora gurudumu lenye kamba zilizokazwa badala ya miti. Kamba haiwezi kusukuma, inavuta tu. Hapo ndipo siri yote ilipo. Spoku zote zinaivuta rimu kuelekea katikati, na rimu inabaki mviringo kwa sababu zinavuta sawasawa. Gurudumu likizunguka, spoku inayofika chini inalegea kidogo, halafu ikipanda inakaza tena. Kama ilikazwa vizuri tangu mwanzo, hiyo si neno. Kama ilikuwa imelegea tayari, ikifika chini inakuwa haina kazi kabisa, na mzigo wake unabebwa na majirani.

Mwaka 1870 kule Coventry, Uingereza, James Starley na William Hillman walitoa baiskeli yao iliyoitwa Ariel, yenye magurudumu ya waya. Mwaka 1874 Starley akasajili mtindo wa spoku zinazopishana. Hebu nenda ukaangalie baiskeli yoyote hapo nje: spoku hazitoki katikati moja kwa moja, zinakatizana kama ukili wa mkeka. Ni kwa sababu ukikanyaga pedali au ukifunga breki, habu inataka kujisokota ndani ya rimu, na spoku zilizonyooka hazina nguvu ya kuizuia.

Pikipiki ilipokuja ikachukua gurudumu la baiskeli, likanenepeshwa tu. Na lilifaa, kwa sababu pikipiki inalala kwenye kona. Aliyewahi kubebwa nyuma ya boda anajua: dereva akilala na wewe unalala. Uzito unashuka kwenye mstari wa gurudumu lenyewe, na gurudumu la spoku linapenda kubebeshwa hivyo.

Sasa angalia kilichofuata. Kuanzia mwaka 1903 Waingereza walianza kufunga kigari pembeni ya pikipiki, kwa familia zisizo na uwezo wa kununua gari. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi lao likaweka bunduki ya mashine ya Vickers juu ya kigari cha pikipiki za Clyno. Kizuri sana, ila kwamba pikipiki yenye kigari hailali. Inakata kona imesimama wima kama gari, na uzito wote unasukuma gurudumu kwa ubavu. Spoku za upande mmoja zinavutwa kupita kiasi, za upande wa pili zinalegea, na kona ya pili mambo yanageuka. Rimu nayo inavutwa pale penye matundu ya spoku, huku na huku, maelfu ya mara. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua: hakikatiki mara ya kwanza, lakini kitakatika. Ndivyo ufa unavyozaliwa, na mara nyingi unaanzia kwenye tundu.

Mafundi wa Vita vya Pili walilijua hilo. BMW R75 ya Wajerumani, iliyotengenezwa kuanzia 1941, iliundwa tangu mwanzo ikae na kigari, tena gurudumu la kigari nalo lilisukumwa na injini. Wakaipa magurudumu madogo ya inchi 16 na tairi nene, maana gurudumu fupi ni gumu zaidi kupindwa kwa ubavu. Warusi walifuata njia yao. M-72 yao, iliyoigwa kutoka BMW R71, ilibaki na inchi 19, lakini magurudumu yote matatu yalikuwa ya aina moja, na la nne la akiba lilipanda nyuma ya kigari. Yaani lolote liliweza kukaa popote. Gurudumu la nyuma ndilo linaloteseka zaidi, kwa hiyo unaweza kuyazungusha nafasi, na likiharibika hulali porini.

Hapa tunaomba ruhusa tutoke njiani kidogo. Kiwanda cha M-72 kilikuwa Moscow. Mwishoni mwa 1941 Wajerumani walipokaribia, mashine na wafanyakazi walipakiwa wakahamishiwa Irbit, mji mdogo mashariki ya milima ya Ural, na jengo walilopata lilikuwa kiwanda cha bia. Februari 1942 pikipiki za kwanza zikatoka humo. Kiwanda hicho ndicho baadaye kilitengeneza Ural, ambazo bado zinatengenezwa. Na mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, kazi ya kuziunganisha ilihamishiwa Petropavl, Kazakhstan. Kumbe hata viwanda vinakimbia na mabegi. Tulipolisoma hilo tulicheka, halafu tukanyamaza.

Turudi kwa pikipiki yetu. Ni boda ya cc 125, imefungwa kigari ukubwani. Gurudumu lake la nyuma ni la boda, liliundwa lilale kwenye kona, na sisi tulilitunza kama la boda. Juzi tulilishusha na kuhesabu. Lina spoku 36. Kumi na moja zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Tatu hazikuwepo kabisa. Jirani za hizo tatu zilikuwa zimekazwa hadi zinakaribia kukatika, maana kila aliyeona gurudumu linayumba alikaza pale alipofikia, basi. Ufa ulipita kwenye matundu mawili hapo hapo. Na tuseme ukweli: ufa huo haukuwa mpya. Tuliuona wakati wa kiangazi, tukauchomelea, tukapaka rangi ya fedha. Rimu iliyopasuka haichomelewi kubeba watu. Moto wa welda unaharibu chuma cha pembeni, na yetu ilipasuka tena milimita chache kutoka kwenye weldi.

Mzee wetu mmoja, fundi wa baiskeli tangu Uvira, alitufundisha kugonga spoku kwa spana na kusikiliza. Iliyokaza inalia kama kengele ndogo, iliyolegea inasema "tu". Kwa boda unaweza kugonga mara moja kwa mwezi. Kwa kigari tunasema kila wiki, na ukiweka spoku mpya unarudi kuzikagua baada ya safari ya kwanza, kwa sababu zinajikalisha na kulegea. Unakaza robo mzunguko tu, unaenda ya pili, hadi umalize duara, pande zote mbili. Kukaza sana nako kunapasua rimu. Upepo wa tairi usipungue, la sivyo kila jiwe linagonga chuma.

Kuna jambo jingine hatukulipima: mkao wa kigari. Gurudumu lake linatakiwa lielekee ndani kidogo mbele, sentimita moja au mbili hivi. Letu limetazama nje. Tairi limelika upande mmoja, kwa hiyo hata kwenye barabara iliyonyooka magurudumu yalikuwa yanaburutwa kwa ubavu.

Kwa hiyo barabara ni mbovu, ndiyo, lakini haikulegeza spoku kumi na moja kwa siku moja. Tunaomba kamati isubiri kabla ya kuandika barua. Rimu mpya imepatikana, nzito kidogo kuliko ya zamani. Jumamosi saa tatu asubuhi tunaifunga, halafu tunapima kigari kwa mbao mbili ndefu na kamba. Mwenye ufunguo wa spoku aje nao, wetu umelika.