Bure Si Bila Jina

Manze, kuna kitu kinanikera. Kila mara naona msee ametoa kitabu chake cha PDF, anakiuza soo mbili kwa status ya WhatsApp, na ukifika ukurasa wa tatu unagundua ni Wikipedia tupu. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Si iko tu bure?"

Hebu nikupe historia kidogo, maana hata mabigi wameteleza hapo hapo.

Wikipedia ilianza Januari 2001. Tangu mwanzo maandishi yake yaliwekwa chini ya leseni huria. Yaani unaruhusiwa kunakili, kubadilisha, hata kuchapa kitabu na kuuza, na hakuna atakayekudai hata ndururu. Lakini kuna masharti. Kwanza, taja ulikotoa. Pili, ukiyageuza na kuyasambaza, kazi hiyo mpya nayo iwe chini ya leseni hiyo hiyo, ili mwingine aitumie vile wewe ulitumia. Mwaka wa 2009 Wikipedia ilihamia leseni ya Creative Commons, lakini masharti hayo mawili yalibaki.

Sasa cheki. Mwaka huo huo Chris Anderson, mhariri mkuu wa jarida la Wired kule Marekani, alikuwa anatoa kitabu kinachoitwa Free. Kitabu kuhusu biashara ya vitu vya bure! Kabla kifike madukani, jarida la Virginia Quarterly Review likaonyesha kwamba vipande kadhaa vilitoka Wikipedia karibu neno kwa neno, bila kutajwa. Anderson alikubali kosa. Alieleza kwamba yeye na mchapishaji hawakuelewana jinsi ya kunukuu kurasa za mtandao, tanbihi zikatolewa, na vipande vingine vikabaki vilevile.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ufaransa. Michel Houellebecq alitoa riwaya, La carte et le territoire. Wasomaji wakagundua kwamba maelezo kuhusu nzi wa nyumbani na mji wa Beauvais yametoka Wikipedia ya Kifaransa. Yeye alijitetea kwamba kuchanganya maandishi ya kawaida na hadithi ndio mtindo wake. Na riwaya ikashinda tuzo ya Goncourt.

Hapo mwanablogu mmoja akaja na hoja kali: kama kitabu kimebeba maandishi ya leseni huria, basi kitabu chote ni huria. Akakiweka mtandaoni, kila mtu ajichukulie. Mchapishaji akatishia kwenda kortini, kikaondolewa. Mimi naona huyo naye alivuka mpaka, kwa sababu kukosewa hakukupi ruhusa ya kubeba kazi yote ya mtu. Lakini matoleo ya baadaye ya riwaya yakaishukuru Wikipedia, na nzi na Beauvais vikatajwa. Sentensi moja tu. Ingeandikwa mapema, hiyo drama yote ingetoka wapi?

Unajua Kiingereza kina neno moja, free, kwa mambo mawili. Sisi tunayo mawili: bure na huru. Bure ni bei. Huru ni ruhusa, na ruhusa huja na masharti yake. Ukikopeshwa sufuria na jirani hulipi, lakini huwezi kwenda kuambia watu ni yako.

Na hao majirani wapo. Wikipedia ya Kiswahili imekuwepo tangu 2003, na wanaoiandika ni watu wa kujitolea. Hawalipwi. Malipo yao pekee ni kwamba kazi itatajwa na itaendelea kuwa wazi.

Kwa hivyo, we unayeandika kitabu chako usiku huu: tumia, usiogope. Lakini andika jina la makala, weka kiungo, taja leseni, na useme kama umebadilisha kitu. Sura uliyoijenga juu ya maandishi hayo, iache iwe huria pia. Ni mistari miwili mitatu hivi. Soo mbili zako bado utazipata, na hakuna mtu atakuja kukuanika.