Ufashisti, ukomunisti na mwanakijiji wa Mkange

Sisi tuliosoma kidogo tuna maneno tunayopenda kutupiana vijiweni. Kiongozi akikaza kamba, tunamwita fashisti. Mtu akitetea wakulima, huyo mkomunisti. Waziri akibinafsisha kiwanda, ni mliberali mamboleo. Ukishampachika mtu jina, mjadala umekwisha, tunaagiza chai nyingine.

Hebu leo tuyatoe maneno hayo kijiweni tuyapeleke shamba. Mimi nayapeleka Mkange, kaskazini ya mto Wami, njia ya kwenda Saadani. Watu wa kule hawakuandika kitabu chochote cha itikadi, ila karibu kila itikadi imepita kwao, au jirani kabisa, ikitaka kitu. Kwa hiyo nina swali moja tu la kuziuliza zote: mwanakijiji akisema hapana, anafanywa nini?

Tuanze na ufashisti. Mussolini alishika dola Italia mwaka 1922, Hitler Ujerumani mwaka 1933. Imani yao ilikuwa hivi: binadamu hawako sawa na hawapaswi kuwa sawa, mtu si kitu mbele ya taifa, na kiongozi hakosei. Mwaka 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia na kumwaga gesi ya sumu juu ya watu.

Utasema hayo yalikuwa mbali na Mkange. Subiri kidogo. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita bara ya pwani hii, Uzigua ikiwemo, akikusanya mikataba ambayo machifu waliitia alama bila kujua wanauza nini. Mwaka 1888 watu wa pwani walisema hapana. Bushiri bin Salim aliongoza mapambano Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Jibu lilikuwa mizinga. Saadani ilipigwa kutoka baharini mwaka 1889, na Desemba ya mwaka huo Bushiri akanyongwa Pangani.

Peters mwenyewe alifukuzwa kazi mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Hata wakoloni wenzake waliona kapitiliza! Lakini mwaka 1937 Hitler alimsafisha jina, na mwaka 1941 Manazi wakamtengenezea filamu kama shujaa wao. Yaani wenyewe walimtambua ndugu yao. Ndiyo maana mshairi Aimé Césaire wa Martinique aliwaambia Wazungu kwamba kilichowashtua kwa Hitler ni kuona wakitendewa wao mambo waliyozoea kuwatendea watu weusi na Waarabu. Kwa hiyo ufashisti haukuja pwani yetu kutoka Ulaya. Tunaweza kusema sehemu yake ilifanyiwa mazoezi hapa.

Ukomunisti nao? Hapa naomba nieleweke. Kuna wanaosema ukomunisti na ufashisti ni kitu kimoja, eti vyote ni udikteta. Si kweli. Ufashisti unaahidi ubaguzi na unautekeleza. Ukomunisti unaahidi usawa. Lakini Stalin alipoanza kuwaswaga wakulima kwenye mashamba ya pamoja mwaka 1929, aliyekataa aliitwa adui wa tabaka. Alipokonywa mali, akasafirishwa Siberia. Njaa ya mwaka 1932 na 1933 iliua mamilioni, hasa Ukraine. China nayo ilirudia msiba wa namna hiyo kuanzia mwaka 1958. Lengo zuri halikumsaidia marehemu.

Sasa tuje kwetu. Nyerere aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa wake haujengwi juu ya vita vya matabaka bali juu ya undugu. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka huohuo akasisitiza kwamba watu wasilazimishwe kuingia vijiji vya ujamaa. Maneno mazuri sana. Tena kulikuwa na mfano hai: Ruvuma, wakulima walikuwa wamejiunga kwa hiari, wanalima pamoja na kuamua mambo yao wenyewe. Mwaka 1969 chama kikauvunja umoja wao. Kosa lao? Walikuwa huru mno.

Novemba 1973 hiari ikageuka amri: kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Inakadiriwa watu kama milioni 5 walihamishwa, na kuna waliobomolewa au kuchomewa nyumba ili wasirudi.

Je, Nyerere alikuwa Stalin? Hapana. Hakukuwa na mauaji ya mamilioni wala Siberia, shule na zahanati zilijengwa, na mwaka 1985 mzee aling'atuka kwa miguu yake. Lakini swali letu halimsamehe: mwaka 1974 mwanakijiji aliyesema hapana alipakiwa kwenye lori.

Baadaye mambo yakageuka. Tulisaini na IMF mwaka 1986, Azimio la Zanzibar likaja mwaka 1991, vyama vingi mwaka 1992. Itikadi mpya haina wimbo wala sare, wenyewe wanaiita "maendeleo" na "uwekezaji". Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji mkutano mkuu wa kijiji, mahali pa kusema hapana. Hiyo ni hatua kubwa, tusiidharau.

Ila angalia ukanda uleule. Mwaka 2005 Saadani ikawa hifadhi ya taifa, na watu wa kitongoji cha Uvinje wakajikuta kwenye mgogoro mrefu wa mpaka: wao wanasema ni kwao, hifadhi inasema ni kwake. Kwenye ranchi ya zamani ya Razaba ukaja mradi mkubwa wa miwa wa kampuni ya Kiswidi, na wakazi wakaambiwa wajiandae kupisha, hadi serikali ilipousitisha mradi wenyewe mwaka 2016. Hakuna aliyemwita mtu adui wa tabaka. Safari hii mwanakijiji akikataa anaitwa mvamizi.

Sisemi hifadhi ni ufashisti. Huo ungekuwa uzembe uleule wa kijiweni. Kupelekwa mahakamani si sawa na kunyongwa, na mtu anayeweza kukata rufaa yuko mbali sana na Bushiri. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuipima itikadi kwa vitabu vyake, na vitabu karibu vyote vinasomeka vizuri ukiwa Dar.

Siku nyingine ukimsikia mtu anahubiri itikadi yoyote, ya kushoto, ya kulia au ya soko, usimuulize atajenga nini. Muulize atamfanya nini mzee wa Mkange atakayekataa kuhama. Akibabaika, basi jibu umelipata.