Utafiti wa uendelevu wa mazingira Morogoro na Milima ya Uluguru

Utafiti wa uendelevu wa mazingira Morogoro ni jumla ya kazi za kitaaluma zilizofanywa na vyuo vikuu kuhusu udongo, maji, misitu, wanyama na maisha ya watu katika mji wa Morogoro, Milima ya Uluguru na tambarare zinazoizunguka. Kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Mzumbe na vyuo vya Uswidi, Norwei, Ubelgiji na Japani navyo vimechangia kwa nyakati tofauti. Swali lililoufungamanisha utafiti huu tangu mwanzo ni moja: watu wa mlimani walime vipi wapate chakula, na mito inayowanywesha watu wa bondeni isikauke wala kujaa tope? Swali hilo limewalazimu wataalamu wa udongo, mimea, wanyama na jamii kusomana.

Mazingira ya mahali

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Inaanza kwenye mji wa Morogoro, kilomita 190 hivi magharibi ya Dar es Salaam, na kuelekea kusini. Kilele cha juu kabisa, Kimhandu, kina mita zipatazo 2,630. Lupanga, unaouinamia mji, una mita zipatazo 2,138. Miteremko ya mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi. Mito ya Mgeta, Ngerengere, Mvuha na Morogoro huanzia huku, na maji yake huishia katika mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam.

Baadhi ya viumbe wa misitu hii hawapatikani kwingine popote. Mfano ni ndege Malaconotus alius, anayeishi Uluguru Kaskazini, na chozi aitwaye Cinnyris loveridgei. Serikali ya Wajerumani ilianza kuitenga misitu ya milima hii kuwa hifadhi mwaka 1909. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye hekta zipatazo 24,000.

Historia

Mradi wa ngazi, 1950–1955

Kabla Morogoro haijawa na chuo kikuu, milima hii ilikuwa tayari imetoa somo chungu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha Mradi wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Maofisa walihofia mmomonyoko wa udongo na kupungua kwa maji ya mito, wakawaamuru Waluguru wachonge matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kazi ilikuwa ya lazima, na asiyeifanya aliadhibiwa.

Kitaalamu mradi ulikuwa na kasoro kubwa. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Kuchonga ngazi kulilifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakadhoofu. Mkulima aliyetumia nguvu zake kuchonga ngazi alivuna pungufu ya jirani aliyekaidi. Upinzani ulikua hadi Julai 1955, ghasia zilipozuka Matombo na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Mradi ulisitishwa mwaka huohuo.

Roland Young, mtaalamu wa siasa, na Henry Fosbrooke, mwanasosholojia aliyekuwa mtumishi wa serikali, waliyachunguza matukio hayo katika kitabu walichokichapisha mwaka 1960. Walionyesha kwamba serikali haikuuelewa mfumo wa ardhi wa Waluguru, ambamo shamba ni la ukoo wa upande wa mama na aliyeazimwa ardhi hana mamlaka ya kuibadili atakavyo. Kazi yao ni miongoni mwa za mwanzo katika Tanganyika kueleza kushindwa kwa mpango wa hifadhi kwa kutazama jamii sambamba na udongo, na ingali na uzito hadi leo.

Kipindi cha Dar es Salaam na Uppsala

Baada ya uhuru, utafiti wa mmomonyoko ulishikwa na wanajiografia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia ofisi yake ya utafiti wa rasilimali na mipango ya ardhi (BRALUP), kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi kupima mashapo katika mito na mabwawa ya Tanzania. Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple waliongoza kazi hiyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972. Bonde la mto Morogoro na eneo la Mgeta vilikuwa kati ya sehemu zilizopimwa kwa makini zaidi.

Kuanzishwa kwa SUA

Chuo cha kilimo kilifunguliwa Morogoro mwaka 1965 kwa mafunzo ya stashahada, kisha kikawa kitivo cha kilimo cha chuo kikuu. Idara ya misitu iliongezwa mwaka 1974, ya tiba ya mifugo mwaka 1976. Tarehe 1 Julai 1984 kitivo hicho kilipandishwa kuwa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo.

Mpangilio huo wa kilimo, misitu na mifugo chini ya paa moja una maana kubwa kwa mada hii. Katika miteremko ya Uluguru mambo hayo matatu hayatengani: mkulima huyohuyo hupanda mboga, hufuga mbuzi na hutafuta kuni.

Fani na matokeo

Udongo na maporomoko

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Maporomoko zaidi ya elfu moja yalitokea katika eneo dogo, mashamba yakaharibika na mito ikajaa tope. Temple na Rapp waliyahesabu na kuyachora. Waligundua kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na sehemu zenye majani matupu. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno.

Sababu yake inaeleweka. Maporomoko mengi yalikuwa ya kina kifupi, mita moja au moja na nusu hivi. Hicho ndicho kina ambamo mizizi ya miti hushikilia udongo na kuufunga kwenye mwamba. Miti ikikatwa, mizizi huoza, na tabaka la juu likilowa hubaki bila kitu cha kulizuia. Ugunduzi huo ulibadili mjadala. Hadi hapo macho yalielekezwa kwenye udongo unaochukuliwa kidogokidogo na maji ya juu. Mgeta ilionyesha kwamba mvua moja inaweza kuhamisha udongo mwingi kuliko misimu mingi ya kawaida.

Watafiti wa SUA waliendeleza kazi hiyo kwa kupima mmomonyoko na rutuba katika miteremko ya magharibi na ya kaskazini. Walichunguza pia ngazi ndogo ambazo wakulima wa Mgeta huzitengeneza wenyewe kwa kufukia magugu na mabaki ya mazao. Tofauti yake na ngazi za miaka ya 1950 ni kwamba hizi hurudisha mboji ardhini.

Mimea na maji

Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alifundisha Morogoro kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na akaifanyia misitu ya Uluguru utafiti ambao umetajwa na karibu kila aliyemfuata. Alichunguza mimea midogo inayoota juu ya mashina na matawi. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 alikadiria kwamba msitu wa miti mifupi karibu na vilele hubeba tani 14 hivi za mimea hiyo mikavu kwa hekta, ilhali msitu wa chini zaidi hubeba tani 2 tu. Mimea hiyo ya juu inaweza kushika hadi lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja, kisha ikayaachia polepole.

Kwa kazi hiyo, fani iliyoonekana kuwa ya kukusanya na kutaja majina ya mimea ilijibu swali la wahandisi wa maji: kwa nini mito ya Uluguru hutiririka hata kiangazi, wakati mito ya tambarare imekauka. Ilionyesha pia kwamba kuupoteza ukanda wa juu, ingawa ni mwembamba, ni hasara isiyofidiwa kwa kupanda mikaratusi bondeni.

Misitu, mkaa na kaboni

Msitu wa mafunzo wa Kitulangalo, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ni wa miombo, na ndiko utafiti wa mkaa ulikofanyika zaidi. Kati ya 1999 na 2002 SUA ilishiriki katika utafiti wa mkaa wa miji ya Dar es Salaam, Lusaka na Maputo. Ilibainika kwamba miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki na inaweza kurudi, mradi iachwe ipumzike na isigeuzwe shamba. Tangu 2012 mawazo ya namna hii yamejaribiwa katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa, ambako msitu wa kijiji hugawanywa vitalu na kuvunwa kwa zamu.

Eliakimu Zahabu wa SUA na wenzake walionyesha kwamba wanakijiji waliopewa mafunzo mafupi wanaweza kupima miti na kukadiria kaboni kwa usahihi unaokaribia ule wa wataalamu, tena kwa gharama ndogo. Mpango wa utafiti wa mabadiliko ya tabianchi uliofadhiliwa na Norwei (CCIAM) uliendeshwa kuanzia 2009 hadi 2014. Mwaka 2016 kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni (NCMC) kilianzishwa SUA.

Panya

Utafiti wa panya ndio ulioipa Morogoro jina kubwa zaidi duniani. Ulianza mwaka 1986 kwa ushirikiano wa SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji. Panya wa mashambani, Mastomys natalensis, hufukua mbegu za mahindi mara tu zinapopandwa, na katika miaka ya mlipuko mkulima hupanda mara mbili au tatu. Watafiti wamekadiria hasara ya kawaida nchini kuwa karibu asilimia 15 ya mavuno.

Herwig Leirs na wenzake waligundua kwamba mlipuko unaweza kutabirika. Mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na watoto wao huwahi kukomaa na kuzaa katika msimu huohuo. Kwa kutazama mvua ya Novemba na Desemba inawezekana kumwonya mkulima miezi kadhaa kabla. Makala zao za 1996 na 1997, moja ikiwa katika jarida la Nature, zilitokana na panya waliotegwa Morogoro. Faida yake kwa mazingira ni dhahiri: sumu hutumika pale tu inapohitajika, na bundi na nyoka wanaokula panya husalimika.

Ujuzi huohuo ulilinufaisha shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji na Bart Weetjens na kuhamia SUA mwaka 2000. Hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, panya aliyefundishwa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, ambako ardhi iliyosafishwa hurudi kulimwa.

Mifugo

Katika miaka ya 1980 SUA ilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei. Hufugwa bandani, samadi yao hurutubisha mboga, na maziwa huongeza kipato cha kaya.

Fani nyingine

Chuo Kikuu Mzumbe, chenye chimbuko lake katika shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953, kimechangia katika utawala na uchumi wa maliasili.

Wakulima na watafiti

Tangu miaka ya 1990 uhusiano wa chuo na vijiji umebadilika. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania (MVIWATA) ulizaliwa Morogoro mwaka 1993 kwa msaada wa wanataaluma wa SUA, na sasa ni sauti ya wakulima wadogo nchi nzima. Mradi wa SUA wa maendeleo ya kilimo Uluguru (UMADEP) ulifanya kazi na vikundi vya wakulima milimani katika kipindi hichohicho. Janet Maro, akiwa mwanafunzi wa SUA, alianzisha Bustani ya Tushikamane mwaka 2009, ambayo ilizaa shirika la Sustainable Agriculture Tanzania (SAT) mwaka 2011. Shirika hilo hufundisha kilimo hai na huwakutanisha wakulima na wanafunzi wa utafiti, ili maswali ya tasnifu yatoke shambani.

Jaribio la kulipia huduma za vyanzo vya maji lilifanyika Kibungo Juu, mashariki mwa Uluguru, likisimamiwa na mashirika ya CARE na WWF. DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza walikuwa walipaji, na wakulima walipokea fedha kwa kupanda miti na kuchonga matuta. Kazi ya matuta iliyoleta ghasia mwaka 1955 ilikubalika hapa, kwa kuwa safari hii mkulima aliamua mwenyewe na alilipwa.

Hali ya sasa

Mwishoni mwa 2022 maji ya Ruvu yalipungua mno na Dar es Salaam ikaingia katika mgao. Ujenzi wa bwawa la Kidunda, uliozungumzwa kwa miongo mingi, ulianza baadaye. Bwawa huhifadhi maji yaliyokwisha kufika bondeni. Kufika kwa maji hayo wakati wa kiangazi, yakiwa bila tope, hutegemea misitu na mashamba ya juu. Maarifa ya kuitunza miteremko hiyo yapo kwa wingi Morogoro. Sehemu kubwa yake, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo bwana shamba wa Mgeta au mwenyekiti wa kijiji cha Kibungo Juu hayamfikii. Kuyaandika kwa Kiswahili ni kazi ambayo vyuo bado vinadaiwa na vijiji vilivyotoa mashamba, misitu na muda wao kwa ajili ya utafiti huo.