Mashine Imefika Kibirichia

Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Unguja, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, ili waimbe mbele ya mashine. Kampuni ya Gramophone, ile ya santuri za His Master's Voice, ilikuwa na mitambo ya kurekodi India, na huku kwetu hakukuwa na kitu. Kwa hivyo sauti ndiyo iliyosafiri. Ilinaswa ng'ambo, ikarudi ikiwa kwenye santuri, ikauzwa kwa watu walewale waliokuwa wakiisikia bure barazani.

Karibu miaka 100 baadaye, kijana wa Kibirichia, kule Buuri, ubavuni mwa Mlima Kenya, anauza viazi vya msimu mmoja kisha anauliza: ninunue laptopu gani nirekodi ngoma zangu chumbani?

Swali linasikika kama la dukani tu. Gigabaiti ngapi, pesa ngapi, ina rangi gani. Lakini ni swali lenye historia ndefu, na anayelijibu bila historia hiyo atauziwa kibandiko. Kwa miongo mingi mwanamuziki wa Afrika Mashariki aliifuata mashine. Kila mashine iliposogea, wimbo nao ulibadilika: lugha yake, urefu wake, na jina la mtu aliyebaki na masta. Sasa mashine inapakatwa kama mtoto. Vitabu vya shule vinaiita kipakatalishi, sisi tunaiita laptopu, na mara hii naona vitabu vya shule vimetushinda kwa jina.

Tuanze na kelele. Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka nusu ya bara hili akirekodi muziki, alifika Kenya mwaka wa 1950 na kunasa nyimbo za Wakipsigis, ukiwemo ule unaojulikana kama Chemirocha. Mitambo yake ilisafiri kwa gari na ilihitaji jenereta. Jenereta hunguruma, kwa hivyo iliwekwa mbali, waya mrefu ukavutwa hadi kwa waimbaji. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kurekodi nje ya studio, na haijabadilika: mashine inayokusaidia kunasa sauti isiwe yenyewe sauti.

Kanuni ya pili inatoka kwenye safari hiyohiyo. Kanda za Tracey zilienda kuhifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka wa 1954. Zilitunzwa vizuri, hilo halina ubishi. Lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala kurudishwa kwa jamii zilizoimba. Watoto wa waimbaji walikua wakazeeka, sauti za wazazi wao zikiwa kwenye rafu ya nchi nyingine. Aliye na mashine ndiye aliye na kanda, na aliye na kanda ndiye anayeamua nani asikie na lini.

Miaka ya sitini mashine ilikuwa imehamia Nairobi. Equator Sound Studios ya Charles Worrod ilikusanya watu kama Fadhili William, Daudi Kabaka na Nashil Pichen. Ngoma za enzi hiyo bado zinachezwa harusini hadi leo. Ila soko lilikuwa la nchi nzima na zaidi, na Kiswahili ndicho kilichouza kote. Halafu kuna Malaika. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauzungusha dunia, Boney M wakauimba, na hadi leo watu wanabishana nani aliutunga na nani alistahili kulipwa. Wimbo mmoja, pesa nyingi, na karatasi zisizotosha.

Sasa tazama kilichotokea mashine ilipotoka Nairobi. Kericho, mji wa majani chai, mfanyabiashara A. P. Chandarana alirekodi na kuuza santuri, na miaka ya sabini bendi za benga za magharibi mwa Kenya zilipita kwake kwa wingi. Wajaluo, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya: kila mtu aliimba kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mteja alikuwa jirani na hakuhitaji tafsiri. Nairobi nako, River Road ilijaa maduka ya santuri na maprodyusa wadogo waliofanya vivyo hivyo. Mashine ikisogea karibu na watu, lugha ya watu huingia kwenye maikrofoni.

Kisha kaseti ikaja, na miaka ya themanini uharamia ukaila biashara ya santuri. Mashine ya kunakili ilikuwa rahisi kupata, ya kurekodi ikabaki ghali. Huo ndio mpangilio mbaya kuliko wote kwa msanii: kila mtu anaweza kukuiba, wachache wanaweza kukurekodi.

Kompyuta ndiyo iliyosawazisha mizani. Mwaka wa 1997 kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa programu iliyoitwa FruityLoops, leo FL Studio. Mwanzoni ilikuwa kama kisanduku cha ngoma kwenye skrini, lakini ilifundisha kizazi kizima kupanga midundo bila kuwalipa wapiga ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Clemo na Jua Cali walianzisha Calif Records, jina likitokana na mtaa wa California, Eastlands. Genge ilitoka huko, kwa Sheng ya mtaa, bila kuomba ruhusa kwa mtu wa kola nyeupe. Dar es Salaam nako, studio ya Sisso pale Mburahati ilitengeneza singeli kwa kompyuta ambazo mtu wa ofisini angezitupa, na mwaka wa 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukaifikisha sauti hiyo Ulaya. Hakuna aliyewauliza singeli waliitengeneza kwa prosesa gani.

Hapo ndipo kijana wa Kibirichia anaingia. Hana haja ya mashine bora duniani. Anahitaji mashine isiyomrudisha kwenye matatizo ambayo wazee walishayapitia. Tuyapitie moja moja.

La kwanza ni kibandiko. Mtu wa Buuri anaijua lumbesa: gunia linalojazwa hadi likashonewa kilemba, mkulima alipwe bei ya gunia la kawaida. Duka la laptopu lina lumbesa yake iliyogeuzwa. Shambani gunia linabeba zaidi ya kinacholipwa. Dukani kibandiko kinabeba zaidi ya kilichomo. Mfano: laptopu nyingi kwenye maduka ya Nairobi na Meru ni zile ex-UK, zilizotumika ofisini ng'ambo kisha zikasafishwa. Utaona "i7" kwa maandishi makubwa na moyo unaruka. Soma namba inayofuata. i7-6600U ni kizazi cha 6, ina viini viwili. i5-8250U ni kizazi cha 8, ina viini vinne, na kwa kazi ya muziki, ambapo kila chombo na kila mwangwi unataka sehemu yake ya hesabu, hiyo i5 itamwacha kaka yake nyuma. Intel iliongeza viini kwenye laptopu nyembamba mwaka wa 2017, na kizazi cha 8 ndicho mpaka. Tena Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa jumla inadai kuanzia kizazi hichohicho. Ukinunua chini ya hapo, unanunua kanda ambayo kicheza chake kinaondolewa sokoni.

La pili ni diski. "1TB" inavutia, lakini uliza ni ya aina gani. Diski ya zamani inazunguka, inachelewa, na inatoa mlio ambao maiki nzuri itaunasa. SSD haina kinachozunguka. Na hesabu yenyewe haitishi: sauti ya maiki moja kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde inakula kama megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye nyimbo-sauti 20 haufiki gigabaiti moja. SSD ya GB 256 inatosha kuanza. Diski kubwa ya bei nafuu iwe ya nje, ya kuhifadhia.

La tatu ni RAM. GB 8 ndio mwanzo, 16 ndiyo raha. Muhimu zaidi ni kama inaweza kuongezwa. Lenovo ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka wa 2018, zina nafasi mbili za RAM ambazo fundi yeyote wa mjini Meru anaweza kuzifungua. Unaweza kuanza na viazi vya msimu huu na kuongeza kwa viazi vya msimu ujao. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, haina hata feni, kwa hivyo ni kimya kabisa, na GarageBand inakuja bure. Lakini RAM yake haiongezwi, na diski yake haibadilishwi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

La nne ni muda. Siku za kanda moja, bendi nzima iliimba pamoja, na mtu akikosea mnarudia wote. Leo unaimba peke yako juu ya mdundo uliokwisha kurekodiwa, na adui ni ucheleweshaji: sauti yako inaingia kwenye maiki, mashine inafikiri, kisha unaisikia kwenye hedfoni ikiwa nyuma yako. Ukiweka programu ikusanye sampuli 256 kwa mkupuo, hiyo ni karibu milisekunde 6 kila upande, na sikio linasamehe. Ukilazimika kupanda hadi 1,024 kwa sababu mashine inagandaganda, unafika milisekunde 23 kila upande na utaimba kama mlevi. Kadi ya sauti ya nje, hata ya kawaida, pamoja na kiendeshi chake cha ASIO kwenye Windows, itakusaidia kuliko kupanda kutoka i5 kwenda i7. Pesa zikibaki, zipeleke huko.

La tano ni stima. Kibirichia kuna baridi, kuna mvua inayopiga mabati, na kuna siku umeme unaondoka bila kwaheri. Betri hapa si ya kutembea nayo mjini, ni chombo cha kurekodia. Tena chaja nyingi za bei ya chini huleta mvumo kwenye maiki; ukiichomoa, mvumo unakwisha. Kwa hivyo dukani usiambiwe tu "betri iko sawa." Chomoa chaja, fungua programu nzito, kaa nusu saa. T480 ina betri ya nyuma unayoivuta kwa mkono na kuweka nyingine, jambo dogo linaloweza kuokoa kipindi kizima cha kurekodi. Wakati huohuo tega sikio: feni ikianza kulia kama pampu ya maji, kumbuka jenereta ya Tracey. Yeye alikuwa na waya mrefu. Wewe una chumba cha futi 10 kwa 10.

Programu isikutishe. Reaper ni nyepesi, unaijaribu siku 60 kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio ukiinunua, matoleo yajayo unapata bila malipo. Audacity ni bure tangu siku yake ya kwanza. Programu ya kupasuliwa, ile ya kwenye flashi ya rafiki, inaweza kukuletea virusi vitakavyokula masta yako, na hapo utakuwa umejiharamia mwenyewe.

Masta ndiyo mwisho wa hadithi, na ndiyo sababu ya yote haya. Joseph Kamaru, mfalme wa benga ya Kikuyu, alijua mapema kwamba kuimba hakutoshi. Alikuwa na lebo na duka lake, City Sounds, Nairobi. Alifariki mwaka wa 2018. Mjukuu wake, mwenye jina hilohilo na anayejulikana kama KMRU, hutengeneza muziki kwa laptopu na sauti anazorekodi mitaani. Albamu yake Peel ya 2020 imesikika mbali. Kijana huyu alichukua nyimbo za babu yake akazitoa upya mtandaoni. Aliweza kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurithi: kazi iliyobaki mikononi mwa familia.

Kwa hivyo ukisharekodi, weka faili zote za wimbo, si ile MP3 ya mwisho tu, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Andika nani alitunga, nani aliimba, tarehe gani, mgawane vipi, mtie sahihi, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Malaika ungependa karatasi kama hiyo.

Na lugha? Hapo uko huru kuliko waliokutangulia. Siti aliimba kwa Kiswahili mbele ya mafundi wa Bombay, wanamuziki wa Equator waliimba kwa lugha iliyouza nchi nzima. Mashine yako iko juu ya mapaja yako, Kibirichia, na mteja wako wa kwanza anapita nje ya dirisha akielekea sokoni. Imba Kimeru ukitaka. Hakuna prodyusa mlangoni wa kukwambia hakiuzi.