Bima ya nyumba si stika ya gari

Mtu akipita leo katika mitaa ya Nyahanga, mjini Kahama, ataona nyumba nyingi za matofali ya saruji zilizoezekwa kwa mabati ya rangi. Pamba na mpunga vimechangia ujenzi huo, na dhahabu imechangia sana. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na wa Buzwagi, jirani kabisa na mji huo, ukafuata mwaka 2009. Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, lakini nyumba zilizojengwa kwa fedha za miaka ile bado zipo. Nyingi ndizo akiba pekee ya wenyewe.

Swali letu la leo ni hili: nyumba hiyo ikiungua au ikiezuliwa usiku mmoja, nani ataijenga upya?

Wazee wetu walikuwa na jibu. Nyumba ya zamani ya Usukuma na Unyamwezi ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo havikununuliwa dukani. Ikiungua, hasara ilihesabiwa kwa siku za kazi. Kwa Wasukuma, vijana wa kijiji walijikusanya chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, wakafanya kazi kwa pamoja, na mwenye nyumba akawakirimu kwa chakula na pombe. Leo kwako, kesho kwangu. Hiyo ilikuwa bima, na ada yake ilikuwa jasho.

Nyumba ya leo haijengwi kwa jasho peke yake. Saruji, nondo na mabati vinanunuliwa, tena kwa fedha taslimu. Majirani watakuja kukupa pole, watakuchangia, watakulaza watoto. Lakini hawawezi kukurudishia milioni ulizozika ukutani.

Somo hilo lilitufikia kwa uchungu usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, Wilaya ya Kahama. Mvua ya mawe yenye upepo mkali ilibomoa nyumba za mamia ya watu, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Nchi nzima ilisikitika, na misaada ikapelekwa. Lakini msaada ni huruma ya mtoaji. Huja kwa kadiri ya alichonacho na kwa wakati wake. Fidia ya bima ni haki ya mwenye mkataba, na anaweza kuidai.

Basi kwa nini wengi wetu hatuna bima ya nyumba, na walio nayo wengine huinunua vibaya? Naamini jibu limo katika historia yetu.

Neno bima limetufikia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, pamoja na biashara. Katika enzi za ukoloni, kampuni za bima zilikuwa za wageni na zilikinga zaidi mali za wafanyabiashara na mashamba makubwa. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima Tanzania Bara ilikabidhiwa shirika hilo peke yake, hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipozifungulia mlango kampuni binafsi. Katika miaka yote hiyo, mwananchi wa kawaida aliijua bima kwa sura moja: ile ya gari, ambayo sheria inailazimisha. Aliinunua ili askari wa barabarani asimsumbue. Hakusoma mkataba, alitazama stika na tarehe ya mwisho.

Tabia hiyo ndiyo tunayoingia nayo katika bima ya nyumba. Tunauliza, "Ya bei rahisi ni shilingi ngapi?" Tunalipa, tunachukua karatasi, tunaifungia kabatini. Makosa yote yanayofuata yanazaliwa hapo.

Kosa la kwanza ni kutaja thamani isiyo sahihi. Kinachokingwa ni jengo, si kiwanja, kwa kuwa moto hauunguzi ardhi. Kwa hiyo usitaje bei ambayo ungeuzia nyumba. Taja gharama ya kuijenga upya kwa bei za leo. Wengine hutaja kidogo ili walipe ada ndogo. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kunahitaji shilingi milioni 80, nawe umeikatia bima ya milioni 40. Moto ukiunguza sehemu yenye hasara ya milioni 20, utadhani utalipwa zote. Mikataba mingi ina sharti la uwiano: umekinga nusu, utalipwa nusu, yaani milioni 10. Kutaja kupita kiasi nako ni hasara, kwani kampuni hailipi zaidi ya ulichopoteza.

Kosa la pili ni kudhani kwamba bima ya moto inakinga kila balaa. Dhoruba, mafuriko na tetemeko la ardhi mara nyingi huongezwa kwa makubaliano na kwa ada ya ziada. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera lilionyesha kwamba hata Kanda ya Ziwa haiko mbali na hatari hiyo. Muulize wakala waziwazi: "Mvua ya mawe ikivunja paa, mnalipa?" Kisha mwambie akuonyeshe mahali palipoandikwa. Na ukuta uliooza kwa kukosa matunzo haulipwi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta kwa fedha zako mwenyewe.

Kosa la tatu ni kuficha matumizi ya nyumba. Umeandika kwamba ni makazi, kumbe chumba cha mbele ni duka na uani umeweka mapipa ya petroli. Siku ya janga, kampuni inaweza kukataa madai, nawe hutakuwa na la kusema.

Kosa la nne ni kutojua ni nani aliyekingwa. Bima ya jengo haihusu vyombo vya ndani. Hivyo vina bima yake. Mpangaji asitegemee bima ya mwenye nyumba. Na uliyekopa benki, usidhani bima iliyoandikwa wakati wa mkopo imekukinga kwa kila kitu. Iombe nakala uisome, kwani huenda imewekwa kulinda deni tu.

Mwisho, ada isipolipwa hakuna bima, na ahadi ya mdomo haijengi nyumba. Dai stakabadhi, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na weka nakala za hati na picha za nyumba mahali pengine, zisije zikaungua pamoja nayo. Ukiona umedhulumiwa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hata wenzetu wa London walijifunza kwa moto. Mwaka 1666 moto uliteketeza nyumba zipatazo 13,000 za mji wao. Baadaye Nicholas Barbon akaanzisha ofisi ya bima ya moto, na nyumba ya mbao ikatozwa maradufu ya nyumba ya matofali. Tangu mwanzo, basi, bima ya nyumba ilitaka kujua nyumba imejengwa kwa nini na hatari yake ni ipi.

Ndugu wasikilizaji, nsumba ntale hakuhitaji hati, kwa sababu kila mmoja kijijini alijua ahadi ilikuwa nini. Sisi tumeihamishia ahadi ile kwenye karatasi. Tuisome kabla ya kutia saini, mvua ingali haijanyesha.