UZI: "Huyo apelekwe Mathari." Historia ya tusi letu la kisiasa, na mlango wa kwanza wa mgonjwa wa akili

1. Kila mjadala wa siasa ukichacha hapa, lazima kuna msee ataandika "huyu apelekwe Mathari." Wiki inayofuata, mgombea fulani atapanda jukwaani na kuahidi hospitali ya akili kila kaunti. Wote wawili watapata makofi. Uzi huu unaeleza kwa nini tusi hilo na ahadi hiyo vinatoka kwa mzizi mmoja. Sitaji chama wala mwanasiasa. Ukija kwa majibu na rangi za chama chako, utakuwa umepotea njia.

2. Hoja yangu naiweka mbele, ndio usingoje mwisho. Tangu 1910, huduma ya akili Kenya imejengwa juu ya swali moja: huyu tumfungie wapi? Swali la pili, yaani huyu atatibiwa na nani karibu na kwao, limeandikwa kwenye ripoti na sheria mara nyingi, lakini bado halijapata pesa. Shika maswali hayo mawili, utaona karibu kila mjadala wa afya ya akili unaingia kwa moja wapo.

3. Tuanze na jengo. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua Nairobi nyumba ya kuweka "wendawazimu," mahali palipokuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui. Hebu fikiria hapo kidogo. Hata kabla mgonjwa wa kwanza wa akili hajaingia, kazi ya mahali pale ilikuwa kutenga watu. Mwaka 1924 ikapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Ndani, wadi ziligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Na Waafrika wengi walifika pale kwa mkono wa askari na mahakama. Kwa hivyo mlango wa kwanza wa matibabu ulikuwa karao, na ushike jambo hilo kwa sababu tutalirudia.

4. Sasa siasa. Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wa Mathari alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Lakini kwa kuwa alikaa na wagonjwa wa Mathari miaka hiyo yote, dunia ilimwona mtaalamu wa "akili ya Mwafrika." Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Soma tena. Hilo halikuwa tusi la baa, lilichapishwa na shirika la Umoja wa Mataifa.

5. Mwaka uliofuata, 1954, katikati ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi na uhuru. Ripoti ikaeleza kwamba shida ni akili za watu waliopoteza mila za zamani na bado hawajashika za kigeni. Yaani dai la kisiasa likageuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Algeria, alimjibu Carothers kwenye kitabu chake cha 1961.

6. Kwa nini nawarudisha huko? Kwa sababu ukimwambia mpinzani wako "wewe ni wa Mathari," unatumia silaha ile ile. Hujajibu hoja yake ya ushuru au ya ardhi, umemwondoa tu kwenye orodha ya watu wanaostahili kujibiwa. Tena silaha hiyo inapiga watu wawili. Mpinzani wako atasahau kesho. Lakini jirani yako ambaye ameanza kusikia sauti usiku amesoma hiyo posti, na sasa anajua akisema atachekwa. Atanyamaza mpaka siku mambo yatakapoharibika mbele ya watu.

7. Jengo ni moja, sheria ni ya pili. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika Agosti 1930. Kifungu cha 226 kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Adhabu: hadi miaka miwili jela, au faini, au vyote viwili. Waingereza, ambao sheria hiyo ilitoka kwao, waliifuta kwao mwaka 1961. Sisi tulipata uhuru 1963 tukabaki nayo. Ilipita tawala zote na mabunge yote. Ni Mahakama Kuu, tarehe 9 Januari 2025, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, iliyosema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waliopeleka kesi walikuwemo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili.

8. Hesabu mwenyewe: miaka 64 baada ya Uingereza. Kwa muda wote huo, mtu aliyeokolewa akiwa amekata tamaa ya maisha angeweza kutoka kitandani akaelekea kwa seli. Na familia zilijua. Nyingi zilisema "alianguka" au "alikunywa dawa kimakosa." Ndio maana mtu akikuletea takwimu za zamani za kujiua Kenya, zipokee kwa tahadhari. Nani angeandikisha ukweli wakati ukweli wenyewe ni kosa la jinai?

9. Tuseme ukweli pia kuhusu baada ya uhuru: kuna kilichofanyika. Vitengo vidogo vya akili vilifunguliwa kwenye hospitali za mikoa, kama Port Reitz kule Mombasa, na wauguzi wakafundishwa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliruhusu mtu aende hospitali kwa hiari yake, au apelekwe na jamaa. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango wa polisi wazi: afisa angeweza kumchukua mtu anayeamini ana ugonjwa wa akili na ni hatari. Mahali ambapo milango hiyo mingine iko mbali au ni ya pesa, nadhani unajua utakaotumika.

10. Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Jedwali la Nne likagawa kazi: hospitali za rufaa za kitaifa zikabaki kwa serikali kuu, zahanati na hospitali nyingine zikaenda kaunti. Hapa ndipo mchezo wa kurushiana mpira ulipoanza. Uliza swali la afya ya akili, serikali kuu itasema "afya iligatuliwa." Uliza kaunti, itakwambia "Mathari ni ya taifa." Majibu yote mawili ni ya kweli. Mgonjwa anabaki katikati.

11. Katiba hiyo hiyo ina kitu ambacho wafuasi wa siasa hatukiongelei. Kifungu cha 83 kinasema ili uandikishwe kupiga kura, usiwe umetangazwa kuwa na akili isiyo timamu. Kifungu cha 99 kinamzuia mtu wa aina hiyo kugombea ubunge. Kuna wanaosema ni kinga ya lazima. Wengine wanauliza mbona mtu aliyetibiwa na kupona abebe lebo hiyo. Mimi niko upande wa pili, lakini hata kama hukubaliani nami, jua kwamba "wazimu" kwa siasa zetu si neno la mzaha. Linaweza kumnyima raia kura.

12. Ripoti sasa. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ilikagua mfumo mzima na kusema umetelekezwa. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, na nchi ikacheka kwa wiki nzima kwa vibonzo. Mwaka 2017 ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ukaonyesha kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya 4 kwenda juu, ni 29 tu zilizokuwa na huduma ya akili. Hiyo ni kama 1 kati ya 10. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga likapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Juni 2022 sheria ya 1989 ikarekebishwa, na kaunti zikapewa wajibu wa kuleta huduma hizi hadi kwa jamii. Kwa karatasi tuko sawa kabisa.

13. Sasa toka kwa karatasi uje Silanga. Mimi nimekulia hapa Kibera, na sitawapa hadithi ya mtu kwa sababu hadithi za wagonjwa si zangu. Nitawapa tu mpangilio ambao yeyote wa huku anaujua. Kijana wa ploti anaanza kutolala, anaongea peke yake, anasema majirani wanamfuata. Mama yake anaenda kwanza kwa pasta au kwa sheikh. Wengine wanasema ni bangi. Wengine wanasema amerogwa. Wiki ya tatu anavunja kioo cha mtu. Hapo ndipo simu inapigwa, na inapigwa kwa mzee wa kijiji, kwa chifu, kwa polisi. Ukichelewa, umati unafika kwanza. Ikiwa ana bahati, anapelekwa Mathari: matatu moja hadi tao, nyingine ya Thika Road, akiwa amefungwa kamba na ndugu zake.

14. Akipata nafuu anarudi nyumbani na dawa. Dawa zikiisha, safari ni ile ile, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mama anayefua nguo za watu kwa siku. Bima mpya iliyoanza Oktoba 2024 inamtaka asiye na mshahara alipe angalau shilingi 300 kwa mwezi, na ya mwaka mzima kwa mpigo. Mwezi wa kwanza atajikaza, mwezi wa tatu ataacha. Kijana anaugua tena, na mtaa unasema "si alipelekwa, hakupona." Ugonjwa wake ulikuwa unatibika. Kilichokosekana ni mtu na dawa karibu na nyumbani.

15. Najua hoja zitakazokuja, wacha nizijibu mapema.

"Ni mambo ya kiroho." Sawa, omba. Wachungaji na masheikh ndio wanaofikiwa kwanza huku, na singetaka waondolewe. Lakini maombi na dawa havigombani. Kiongozi wa dini anayejua wakati wa kumwambia mama "mpeleke kliniki pia" ni sehemu ya tiba. Anayemfunga mtu minyororo ni kitu kingine.

"Ni bangi na pombe tu." Mara nyingine zinachangia. Hata hivyo aliyeumia kwa pombe anahitaji daktari pia, humponyi kwa msako.

"Basi tufunge Mathari." Hapana. Marekani walipitisha sheria ya vituo vya jamii mwaka 1963 na wakapunguza vitanda kwenye hospitali kubwa. Vituo vingi havikujengwa, na wagonjwa wengi wakaishia barabarani na jela. Ukifunga mlango mkubwa kabla ya kufungua midogo, umerudi kwa polisi.

16. Kuna mfano wa karibu zaidi, Zimbabwe. Mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda alianza Harare, mtaa wa Mbare, na nyanya kumi na wanne waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi karibu na kliniki na kumsaidia kupanga shida zake hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi haitibu kila kitu. Anayesikia sauti anahitaji dawa na daktari. Lakini mlango wa kwanza pale ni mtu wa mtaa ambaye hana pingu.

17. Na sisi mtu huyo tunaye tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wale tunaowaita CHP, wakapewa mikoba na simu. Hapa Silanga wanapita nyumba kwa nyumba. Wanapima presha, wanapima sukari. Kuwafundisha kutambua ugonjwa wa akili mapema, na kuweka dawa za msingi kwenye kituo wanachowapeleka watu, ni kazi ndogo kuliko kujenga hospitali 47. Ila haina jiwe la msingi la kuzindua wala utepe wa kukata, na nadhani hapo ndipo siasa inapoingia.

18. Kwa hivyo mgombea wa kiti chochote akikuahidi "hospitali ya akili," usimzomee. Muulize:

a) Dawa za akili zitapatikana kwa kituo gani cha kata yetu, na zikiisha nani anawajibika?
b) Kwa bajeti ya afya ya kaunti mwaka huu, fungu la akili ni shilingi ngapi? Nataka tarakimu.
c) CHP wangapi watafundishwa, na watalipwa kwa wakati?
d) Usiku wa manane mtu akiugua Silanga, tupigie nani ambaye si polisi?

Swali la (d) ndilo gumu zaidi. Mkipata aliyelijibu vizuri, wa chama chochote, mniwekee video hapa chini niisikilize. Na tafadhali, hata mkikosana kwa majibu, Mathari muiache. Kuna watu wako kule leo wanaosubiri kurudi nyumbani, na baadhi yao wataisoma simu ya ndugu yao wakishatoka.