Shinkolobwe na mabomu ya atomiki ya 1945

Shinkolobwe ni mgodi wa urani huko Katanga, Kongo, uliotoa sehemu kubwa ya malighafi ya mabomu ya kwanza ya atomiki. Mawe yake yalikuwa na utajiri wa ajabu: mengine yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko asilimia moja tu ilihesabiwa kuwa neema.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alihamishia New York kimyakimya zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, Wajerumani wasije wakayatia mkononi. Yalikaa ghalani Staten Island hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipoyanunua.

Bomu la Hiroshima, la urani, lilidondoshwa tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi. Kati ya takriban kilo 64 za urani, isiyotimia hata kilo moja ndiyo iliyopasuka viini. Ikatosha: hadi mwisho wa mwaka inakadiriwa watu 140,000 walikuwa wamekufa.

Siku tatu baadaye bomu la plutoni lililokusudiwa Kokura liliangukia Nagasaki, kisa Kokura ilifunikwa na mawingu na moshi.

Los Alamos, lilikobuniwa bomu, pana jumba la makumbusho. Shinkolobwe ulifungwa rasmi mwaka 2004.